Mbu wa Uswahilini

Ndugu mwandishi, makala yako ni nzuri, ila umeandika kana kwamba ubaguzi wa rangi katika afya ni habari ya Marekani peke yake. Sisi wa Pwani tunao urithi wake. Dar es Salaam ya mkoloni ilikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, na afya ya Wazungu ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi wakawa na ile ya fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Kinga yenyewe ya malaria ilikuwa kumkimbia Mswahili, abaki na mbu wake.

Mkoloni kaondoka, mstari umehamia kati ya mjini na kijijini. Hapa Kibaha tuna kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kikazinduliwa 2015. Lakini Juni 2017 ilibidi Rais Magufuli mwenyewe aagize halmashauri ziinunue! (Dawa ipo mlangoni, jamani.)

Watafiti wa kinga ya malaria wachunguze hapo: dawa hiyo inafika vijiji gani vya wilaya jirani ya Kisarawe, nani anaamua dimbwi lipi linyunyiziwe, na nani anarukwa. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla hayajapandishwa ndege kwenda Geneva.