Saa ya Tiketi Si Saa ya Safari

Mwalimu wa hesabu akiwauliza wanafunzi wake ndege iendayo kilometa 800 kwa saa itatumia muda gani kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mwendo wa angani usiofika kilometa 400, jibu litatolewa upesi: nusu saa. Ubaoni jibu hilo ni sahihi. Kwa abiria si kweli hata kidogo.

Kwanza, ndege haiendi kasi hiyo njia nzima. Hujikokota uwanjani, hupaa, na katika safari fupi namna hiyo haikawii kuanza kuteremka. Ndiyo maana ratiba huandika kama saa 1. Pili, abiria hutakiwa kufika uwanjani mapema. Akitoka nyumbani saa 12 alfajiri, akatumia saa 1 katika msongamano wa magari, akangoja saa 1 na nusu, akaruka saa 1, kisha akatumia nusu saa kuchukua mizigo na kufika ofisini, atakuwa ametumia saa 4. Kati ya hizo, ndege imemchukulia 1 tu.

Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya miji hiyo mwaka 2024, hutumia kama saa 3 na nusu njiani. Hata ikiongezwa saa 1 na nusu ya kwenda stesheni, kungoja na kufika ofisini, tofauti yake na ndege ni saa 1. Je, ni kila safari ya kikazi ambayo saa hiyo 1 inastahili bei ya tiketi ya ndege?

Swali hili si la wasafiri peke yao. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 kwa kuwa iko katikati ya nchi, ili Serikali iwe karibu na wananchi wa pande zote. Ukaribu huo hauna maana iwapo mwalimu aliyefuata jalada lake anaambiwa kuwa mhusika yuko safarini, arudi kesho.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye barua ya mwaliko. Mkutano ukiitishwa saa 3 asubuhi, mjumbe hulazimika kusafiri siku moja kabla, na posho ya kulala hulipwa. Ukiitishwa saa 8 mchana, angeweza kufika siku ile ile, kwa ndege au kwa treni.

Wakuu wa idara hawana budi kuhesabu safari tangu mlangoni hadi mlangoni, na kuiachia ndege kazi zenye haraka ya kweli. Kilometa za angani hazipunguziki. Saa zinazopotea ardhini zinaweza kupunguzwa, nazo ni mali ya wananchi.