Tarehe Isiyo na Hesabu Ni Ahadi Tupu

Nchini kwetu tarehe ya kukamilika kwa mradi aghalabu hutangazwa kwanza jukwaani, na hesabu ya kazi hutafutwa baadaye. Mkandarasi huagizwa amalize kabla Mwenge wa Uhuru haujapita, au kabla kiongozi hajaja kuzindua. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa chuo kikuu. Hata hivyo, sijaona kazi inayouumbua utaratibu huo kama uchomeleaji wa mabomba makubwa ya chuma yenye ukuta mnene.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mabomba si wageni kwetu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linakatiza Iringa na Mbeya. Lilizaliwa na dharura. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia, Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakalazimika kuyasomba mapipa kupitia barabara yetu. Mwaka 1968 bomba lilikuwa tayari. Wengi hulitaja kama ushahidi kwamba nia ya kisiasa hushinda yote. Mimi nalisoma vingine. Ukiugawa urefu ule kwa vipande vya mita 12, unapata viungo zaidi ya 140,000, na hakuna hotuba iliyowahi kuchomelea hata kimoja. Nia hufungua njia. Kazi hupimwa kwa kiungo.

Tena bomba lile lina kipenyo cha inchi 8 na 12 tu. Fikiria sasa bomba nene. Kule Kihansi, ukingoni mwa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, maji huteremka kimo cha zaidi ya mita 800 ili kuzalisha megawati 180 za umeme. Kila mita 10 za kimo huongeza takribani kilo moja ya mgandamizo kwa kila sentimita ya mraba. Maji yenye nguvu hiyo hayadhibitiwi na bati. Huhitaji chuma kinene, na chuma kinene kina hesabu yake.

Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 600 na ukuta wa milimita 12.5. Ncha zake zikichongwa kwa umbo la V la nyuzi 60, kiungo kimoja kitameza karibu kilo 2 za chuma cha kuchomelea. Ukuta ukiwa milimita 25, mtu wa jukwaani atasema kazi imeongezeka mara mbili. La hasha! Mfereji ule huongezeka kina na upana kwa pamoja, hivyo kiungo sasa kitameza zaidi ya kilo 6. Fundi anayetumia vijiti huweka takribani kilo moja na nusu kwa saa moja ya moto kuwaka. Lakini moto hauwaki muda wote: hubadilisha kijiti, hugonga gamba, husafisha kwa grenda, husogea, hupumzisha macho. Ukichukulia kwamba moto huwaka asilimia 30 ya zamu, kiungo cha kwanza kitachukua saa 4, cha pili saa 14.

Hapo hatujagusa mengine. Chuma kinene hupashwa moto kabla ya kuchomelewa, la sivyo mshono hupoa ghafla na kupasuka. Na asubuhi za Juni na Julai, pale baridi ya Mufindi na Mbeya inapouma, upashaji huo hautaki mzaha. Kati ya tabaka na tabaka joto lazima lipimwe. Aina fulani za chuma husubiriwa siku moja au mbili kabla ya kukaguliwa kwa eksirei au mawimbi ya sauti, kwa sababu nyufa nyingine huchelewa kujitokeza. Vingine hurudishwa kwenye joto kali kwa kadiri ya saa moja kwa kila milimita 25, kisha hupozwa polepole. Na masika nayo hayasomi mkataba.

Amri ya kuharakisha haiongezi saa hata moja katika siku. Inachofanya ni kuziiba saa za kupasha, kusubiri na kukagua, kwa kuwa ndizo zisizoonekana na wageni waalikwa. Mgeni rasmi hukata utepe na kuondoka. Mshono mbovu hubaki chini ya ardhi ukiwasubiri wengine. Anayelipa ni fundi aliyekeshwa, kijiji kinachokosa maji, na mlipakodi anayefukua upya alichokwisha kulipia. Haraka haraka haina baraka, na katika chuma kinene methali hiyo ina vipimo.

Napendekeza mambo matatu. Watumishi wa umma, kila tarehe mnayotangaza iambatane na ukurasa mmoja wa hesabu: viungo vingapi, saa ngapi kwa kiungo, mafundi wangapi, na asilimia gani imetengwa kwa mvua na marekebisho. Wanaharakati, acheni kuuliza tu kama fedha zimeliwa. Ulizeni pia kama muda umeliwa, maana wizi wa muda hauachi stakabadhi. Nanyi wanafunzi wangu, kabla hamjachora ratiba, nendeni karakana za Mafinga na Mbeya, mkae na fundi siku nzima, mkiwa na saa na daftari. Fundi huyo anajua jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: muda wa kweli ni ule uliopimwa.

Kuhoji tarehe si uasi wala si kupinga maendeleo. Kiongozi mwenye hesabu hataudhiwa na swali hilo; ataifungua karatasi yake na kutuonyesha.