Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Mwezi uliopita nilikwenda Umoja, mashariki ya Nairobi, kumjulia hali binti wa jamaa yangu wa Mombasa. Nikapanda ngazi hadi orofa ya nne. Mlangoni pana kufuli, na ndani mtu anaimba. Nikangoja mpaka mwenyewe alipokuja na kikapu chake cha mboga.

"Niwie radhi, ami," akaniambia. "Nikenda sokoni humfungia mwanangu. Akitoka hupotea, na hapa hapana amjuaye."

Kijana huyo ana miaka 19, na akili yake huenda polepole. Hana wazimu, wala si mtu wa kupelekwa Hospitali ya Mathari, ingawa wengi wetu huyachanganya mambo haya mawili. Alizaliwa hivyo, na akifunzwa kwa subira hujifunza.

Njiani nikapita Majengo ya Pumwani, mtaa uliojengwa miaka ya 1920. Nyumba zake za Kiswahili zilikuwa na vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na mtoto kama huyu akitoka, wa barazani humwona akamrudisha. Sisemi zamani ilikuwa pepo, maana wengine walifichwa kwa aibu. Lakini orofa hazina baraza, na kazi iliyokuwa ya mtaa mzima sasa imemwangukia mama mmoja.

Serikali haikukaa bure. Vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu vilianzishwa 1984. Mpango wa Inua Jamii huwapa walio katika orodha yake, wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tena ipo sheria mpya ya 2025, iliyoshika nafasi ya ile ya 2003. Yote hayo ni mema. Lakini shilingi 2,000 hazifiki 70 kwa siku. Ni nani atakayekaa na kijana kutwa kwa ujira huo?

Mama huyu haombi mwanawe apelekwe bweni la mbali. Ataka saa nne za mchana, mahali pa karibu, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Na njia ipo. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 hupita nyumba kwa nyumba nchini. Wafunzwe kuuliza pia habari za aliye nyuma ya kufuli. Nasi tuna madrasa ambazo asubuhi, watoto wakiwa skuli, vyumba vyake ni vitupu. Kukifungua kimoja kwa vijana hawa kwataka mkeka, walimu wawili na nia.

Chuoni tulisomeshwa Sura ya An-Nisaa. Aya yake ya 5 yawataja wasio na akili ya kutunza mali, na kuamuru walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mema. Ya kulisha na kuvisha, yule mama ayatimiza peke yake. Hilo la tatu latudai sisi majirani, na mlango ungali umefungwa.