"Wataka Mshahara Gani?"



Mtu aendapo kuomba kazi ya duka, tajiri humwuliza, "Wataka mshahara gani?" Wengi hujibu, "Wowote tu, bwana." Jibu hilo huwashusha hata wenzetu waliomo dukani tayari.

Kabla ya kwenda, uliza Chama kima cha chini cha Serikali: kibarua ana chake, keshia ana chake, tena Nairobi, Mombasa na Kisumu hupita miji midogo. Uliza pia habari ya nyumba. Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka tajiri akupe nyumba au posho yake juu ya mshahara, isipokuwa mapatano yasema imo ndani. Matajiri wengine hulisahau hilo, lakini upungufu wa sanduku la fedha hawausahau kamwe! Taja kiasi chako kwa adabu, kisha nyamaza, umngoje aseme yeye.