Mipangilio ya Programu Nayo Ihakikiwe

Mwaka 2012 Serikali ya Tanzania ilianzisha mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Ama Busega ilimegwa kutoka wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Kwa hiyo wakazi wa Mkula walijikuta katika wilaya mpya na mkoa mpya pasipo mtu yeyote kuhamisha hata kigoda. Kwa mkulima wa pamba badiliko hilo lilikuwa la anwani tu. Kwa programu ya kompyuta inayotunza taarifa za zahanati lilikuwa zito zaidi, kwani jina la mkoa huwa limeandikwa mahali fulani ambapo programu hulisoma, na aghalabu mahali hapo ni faili la mipangilio.

Faili la mipangilio ni mfano wa karatasi ya maagizo ambayo programu huisoma kabla ya kuanza kazi. Humo huandikwa jina la kituo, wilaya, mkoa, saa ya kupeleka ripoti, na kiwango cha joto ambacho jokofu la chanjo halipaswi kukivuka. Programu yenyewe huandikwa na wataalamu, hupimwa na kupimwa tena. Faili, kwa upande wake, huandikwa na mtu mwenye haraka, mara nyingi mbali na wataalamu hao, na hakuna anayelikagua. Huo ni upungufu usiostahili kuvumiliwa, hasa kwa kuwa dawa yake imekwisha kupatikana.

Mtindo uliozoeleka wa kuandika mafaili hayo, uitwao YAML, humwachia msomaji wa faili akisie maana. Kwa kanuni za toleo lake la 1.1, ambazo programu nyingi zimeendelea kuzifuata hata baada ya toleo la 1.2 la mwaka 2009, neno NO, ambalo ni alama ya kimataifa ya nchi ya Norway, husomwa kuwa ni kukanusha. Namba 010 husomwa kuwa nane. Saa 14:30 huweza kugeuka 870, kwa kuwa mashine hudhani imepewa hesabu ya msingi wa sitini. Karani aliyeandika saa ya kupeleka ripoti hakukosea lolote. Mashine ndiyo iliyobahatisha, na isitoshe, ikanyamaza.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni madogo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili jipya la mipangilio kwa programu yake ya ulinzi. Faili lilitarajia viingizo 21. Programu ilikuwa ikitoa 20. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima, na viwanja vya ndege na hospitali vikasimamisha kazi katika nchi nyingi. Hesabu ya ishirini na ishirini na moja haikulinganishwa mahali ilipopaswa kulinganishwa, basi.

Tangu miaka ya 1970, Robin Milner alipobuni lugha ya ML huko Edinburgh, ukoo mmoja wa lugha za kompyuta umelitilia mkazo suala hili. Nazo ni lugha za fanksheni, ambamo programu hujengwa kwa kanuni za kihisabati: kila kanuni hupewa kitu cha aina fulani na kutoa kitu cha aina fulani. Haskell, iliyotolewa mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, ni mojawapo. Kompaila yake hukagua kila aina kabla programu haijaanza kutumika. Anayejaribu kujumlisha jina na namba hukataliwa papo hapo. Lakini ulinzi wote huo ulikuwa ukiishia kwenye mlango wa faili la mipangilio, ambalo huingia likiwa maandishi matupu. Ni sawa na mtu aliyejenga ukuta imara, kisha akaacha lango bila mlinzi.

Dhall, lugha iliyobuniwa na Gabriella Gonzalez na kutolewa mwaka 2016, ilikusudiwa kuliziba pengo hilo. Ni lugha ya mipangilio yenye aina. Utaratibu wake wa kupakia faili ni huu. Mtengenezaji hutamka katika Haskell umbo la mipangilio anayoitaka: jina ni maandishi, idadi ya vitanda ni namba isiyo hasi, wilaya ni mojawapo ya majina yaliyoorodheshwa. Kutokana na tamko hilo kompaila yenyewe huweza kutunga kanuni ya kusomea faili. Programu inapowashwa, faili hukaguliwa aina zake, mahesabu yaliyomo hukamilishwa, na umbo lililopatikana hulinganishwa na lile lililotamkwa. Yakitofautiana, programu haianzi. Hutaja kilichotarajiwa na kilichopatikana. Zaidi ya hayo, Dhall imewekewa mipaka kwa makusudi: kila faili lililopita ukaguzi lazima hesabu zake zifike mwisho. Halina namna ya kuzunguka milele.

Hapa ndipo Mkula inapofundisha. Chukua mfano wa kituo kilichoandikwa: wilaya Magu, mkoa Mwanza. Mwaka 2012 mtengenezaji anaongeza jina Simiyu katika orodha ya mikoa. Je, faili la kituo litakataliwa? La, kwa kuwa Mwanza ingali mkoa halali na Magu ingali wilaya halali. Aina haijui jiografia. Mtengenezaji mwenye busara hatauliza mkoa kabisa. Atauliza wilaya peke yake, na mkoa ataupata kwa kanuni moja inayotoka kwenye wilaya kwenda kwenye mkoa. Anapoongeza jina Busega katika orodha, Dhall itaikataa kanuni hiyo mpaka aseme Busega imo mkoa gani, kwani hairuhusu jina lolote lisahaulike. Hivyo haiwezekani tena kituo kiandikwe Busega ya Mwanza. Kwamba Mkula imo Busega na si Magu, hilo bado ni la binadamu kulijua, na hakuna lugha itakayomwondolea jukumu hilo. Vivyo hivyo, joto la chanjo nyingi ni kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Atakayeandika 80 ameandika namba halali, na ukaguzi wa ziada hauna budi kuongezwa.

Kuna jambo jingine ambalo wabunifu wa ng'ambo wasingelifikiria. Mwandishi wa Kiswahili akiandika saa 2 asubuhi, mashine huielewa kuwa ni saa nane za usiku. Katika faili lenye aina yawezekana kutamka kwamba saa ni ama ya Kiswahili, ya mchana au ya usiku, ama ya kimataifa, na anayeandika lazima ataje ni ipi. Neno moja la ziada, na ripoti haipelekwi usiku wa manane.

Wapo watakaosema kwamba lugha hizi ni ngumu, na kwamba wanaozijua ni wachache. Uchache huo una sababu: vyuo vingi huzigusia kwa wiki chache tu, kama vile ni mapambo. Tena Dhall haimlazimu mtu kuacha alichonacho, kwani faili lake huweza kugeuzwa kuwa YAML na kulishwa mfumo wa zamani. Kuhusu mtandao hafifu, faili linaloazima sehemu zake kutoka mbali huweza kuambatanishwa alama ya uhakiki, na sehemu hizo zikahifadhiwa katika kompyuta ya kituo zisitafutwe tena.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu za Hazina zilizoingizwa katika mashine kwenda mrama. Imani hiyo ilichukua miaka mingi kurudi. Watumishi wa afya waliojaza vitabu vya MTUHA kwa kalamu wanaijua vyema thamani ya safu inayokubali namba tu. Kuwapa kompyuta inayokubali lolote na kunyamaza ni kuwarudisha nyuma ya karatasi.

Kilichosalia ni lugha. Majina ya sehemu za faili huweza kuandikwa kwa Kiswahili leo hii: kituo, wilaya, vitanda. Bali maelezo ya kosa hutolewa kwa Kiingereza, marefu na mazito, na karani wa Mkula atayasoma peke yake. Programu ya Dhall ni ya chanzo huria, na kuyafasiri maelezo hayo ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza anaweza kupewa katika muhula ujao.