Kabla hujakimbilia kwa fundi

Huku Nyegezi, jijini Mwanza, walimu tuliopewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, Wi-Fi ikigoma kidogo tu tunaambiwa "futa kila kitu, anza upya". Jamani, hiyo iwe hatua ya mwisho, la sivyo maandalio ya somo yanaenda na maji.

Soma kwanza maneno yaliyo chini ya jina la mtandao. Yakisema "Imeunganishwa, hakuna intaneti", mara nyingi kishikwambi ni kizima. Kagua bando au zima ruta uiwashe tena. Nywila ikikataliwa, gusa "Sahau mtandao", kisha iingize upya. Tazama na tarehe: ya kifaa kilichokaa muda mrefu bila chaji huweza kurudi nyuma miaka, na tovuti zikakataa kufunguka ingawa alama ya Wi-Fi imejaa.

Kwa tunaoishi kati ya majabali: masafa ya 5 GHz yana kasi, lakini ukuta au jabali huyapunguza nguvu haraka. Tumia 2.4 GHz. Hata hotspoti ya simu ikiwa kwenye 5 GHz, baadhi ya vishikwambi haviioni kabisa.