Usiichane Picha Yako!

Wanafunzi wenzangu, nina neno na wale wanaochana picha zao kabla rangi haijakauka. Ati picha ikiharibika ni ya kutupa! Mimi nakataa.

Juzi niliketi nyuma ya bweni na rangi zangu za maji, nikauchora Mlima Kenya. Saa moja asubuhi kilele kilikuwa wazi. Kufikia saa nne, mawingu matupu! Nami nilikuwa nikifukuza kila mwanga unaopita, mpaka karatasi ikawa tope. Nusura niichane. Mwalimu wetu wa sanaa akaniambia nilowanishe lile tope kwa maji safi, niifyonze rangi polepole kwa kitambaa, kisha niwe narudi saa moja tu, si baadaye. Nilirudi asubuhi tatu. (Uji nilikosa, lakini si kitu.)

Paul Cézanne, yule Mfaransa, aliuchora mlima wa Sainte-Victoire miaka na miaka hadi alipofariki mwaka wa 1906. Sisi je? Twataka kumaliza kwa kipindi kimoja! Na karatasi hizo, jamani, wazazi ndio wanaonunua.

Yangu ingali na doa pale chini, penye miti. Jumamosi narudi.